Bado Siwaoni

Kazi yangu ni kupiga watu picha za pasipoti, kwa hiyo naomba mtu asiniambie kwamba sijui kamera. Kutwa nzima nawaketisha watu kwenye stuli mbele ya shuka jeupe, nawaambia wainue kidevu, wasitabasamu, wafunge kifungo cha juu, na ile kamera ndogo niliyoibana juu ya skrini ya kompyuta inawapiga bila kinyongo. Imewapiga watoto wanaolia, maharusi waliochelewa, na mzee mmoja aliyekataa kuvua kofia mpaka tukakaribia kutukanana. Wote hao haikuwahi kuwagomea. Ilisubiri siku Mama alipoketi kwenye stuli ile, ndipo ikagoma.

Mama alikuja dukani mchana ili aongee na mdogo wangu. Nyumbani tunamwita Shavu, kwa sababu jina lake la ishara ni kidole kimoja kinachobonyeza shavu. Hasikii tangu akiwa mchanga. Anafanya kazi mji wa mbali, kwenye karakana ya kutengeneza meno ya bandia, na mikono yake ni mizuri kiasi kwamba bosi wake anataka kumpeleka nchi ya mbali akasomee kazi hiyo kwa miaka mitatu, bila likizo ya kurudi nyumbani. Jibu lilitakiwa siku hiyo hiyo, kabla mapumziko ya mchana hayajaisha.

Asubuhi Shavu alikuwa ameniandikia kwenye simu: "Sitaki jibu la Mama kwa maandishi yako. Nataka aniambie mwenyewe kama niende, kwa mikono yake." Maneno hayo yaliniudhi, kana kwamba mimi ni mtu wa kutia chumvi kauli za watu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Shavu hakulijua. Mama alikuwa anapofuka. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, kwamba uoni wake unaliwa taratibu kutoka pembeni, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Mama mwenyewe alinieleza kwamba anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ukiwa katikati anakuona. Ukisogea hatua moja pembeni umetoweka. Aliniapisha nisimwambie mdogo wangu, nami nikaapa huku nimekasirika, na hasira hiyo nilikuwa bado ninayo.

Ndiyo maana tulihitaji kompyuta. Kwenye simu vidole vya Shavu vilikuwa vidogo mno kwa macho ya Mama. Isitoshe, simu yangu ilitumbukia kwenye beseni la nguo, na tangu hapo kamera yake ya mbele inaonyesha ukungu mtupu. Kazi iliyobaki nayo ni ujumbe, na kuipa kompyuta mtandao.

Basi nikampigia Shavu kwa video. Akatokea skrini nzima, amevaa koti lake jeupe la kazini, kipande cha mkate mkononi. Mama akainama mbele na kutabasamu, akaanza kusalimia kwa mikono yote miwili. Pembeni chini, kwenye kile kidirisha kidogo ambamo tulipaswa kujiona sisi, kulikuwa na weusi, na maandishi yakisema kamera haipatikani.

Shavu akatikisa kichwa. Akatoa simu yake, akaandika. Simu yangu ikatetemeka: "Siwaoni."

Nilichomoa waya nikauchomeka tena. Nikabadilisha tundu. Nikaipuliza ile kamera, nikaifuta kwa upindo wa gauni, nikaigonga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Weusi. Kitaa chake cha kijani, kile kinachowaka ikifanya kazi, nisingeweza kukiona hata kama kingewaka, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimekiziba kwa plasta Mama alipolalamika kwamba kinamchoma macho.

"Imekufa?" Mama akauliza.

"Haijakufa. Asubuhi imepiga watu."

"Labda imechoka."

"Mama, kamera haichoki."

"Kila kitu kinachoka," akasema, na mikono yake nayo ikasema hivyo hivyo.

Hiyo ndiyo tabia yake. Alimlea mtoto asiyesikia, na tangu wakati huo mdomo wake na mikono yake havijawahi kutengana. Anaongea na mimi, mikono inacheza. Anabishana na muuza nyanya, mikono inabishana pia, mpaka muuza nyanya anarudi nyuma akidhani anataka kupigwa. Mimi pia naijua lugha hiyo, lakini Shavu husema mikono yangu ina lafudhi ya mgeni. Yeye na Mama wakishika kasi, mimi hubaki nikidaka neno hapa na neno pale. Hata giza halikuwanyamazisha. Tulipokuwa wadogo umeme ukikatika, mimi nililala, wao walishikana mikono wakaendelea, kila mmoja akifanya ishara ndani ya viganja vya mwenzake. Nilikuwa nawasikia wakicheka gizani na sikujua wanacheka nini. Niliwaonea wivu, na sidhani kama wivu huo ulikwisha.

Nikachukua simu ya Mama ya vitufe, nikampigia fundi wa kompyuta. Mtaani tunamwita Zimawasha, kwa kuwa ugonjwa wowote ukimpelekea, dawa yake ni hiyo moja.

"Dada, umeizima ukaiwasha?" akauliza, kabla hata sijamaliza kumsalimia.

"Bado."

"Sasa unanipigia ya nini?"

Nikaizima. Ile kompyuta yangu ina umri wake. Ikizimwa inaaga kwa muda mrefu, na ikiwashwa inaamka kwa manung'uniko. Tulikaa tukiitazama. Mama alijifunga mtandio upya, akakaa wima kama wanavyokaa wateja wangu, kidevu juu. Ilipoamka nikampigia Shavu tena. Mkate ulikuwa umebaki nusu. Kidirisha chetu kilikuwa cheusi vile vile.

Ujumbe ukaingia: "Bado siwaoni."

"Bado, fundi."

"Izime tena. Safari hii chomoa na kamera kwanza."

Nikaizima, nikachomoa, nikawasha, nikachomeka. Weusi. Mteja mmoja akachungulia mlangoni akitaka kutoa nakala ya cheti, nikamwambia tumefunga. Akasema mlango uko wazi. Nikamwambia basi aufunge yeye akitoka.

"Bado, fundi."

"Umeiruhusu? Nenda kwenye mipangilio, angalia kama umeipa ruhusa ya kutumia kamera."

Nilienda huko kwenye mipangilio, pori kweli kweli. Nikakuta ruhusa ipo. Nikaiondoa, nikairudisha, ili tu nijisikie kwamba nimefanya kitu. Upande wa pili Shavu aliangalia saa ya ukutani kwake, akatafuna, akaangalia saa tena. Mama hakuiona saa ile, ilikuwa pembeni mno. Mimi niliiona.

"Bado," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda.

Nyuma ya Zimawasha nilisikia mtu mwingine akilalamika kuhusu printa. "Dada, picha za pasipoti unapiga kwa programu gani?" fundi akauliza.

"Ile uliyoniwekea wewe."

"Ahaa. Ile nadhani niliipanga ijifungue yenyewe kila ukiwasha mashine."

"Sawa. Halafu?"

"Halafu, ikijifungua, inaishika kamera. Na programu moja ikiishika kamera, nyingine haipati."

Nilihitaji muda kuyapanga maneno hayo kichwani. "Kwa hiyo kila nikizima nikiwasha, ndiyo inajifungua, ndiyo inaishika kamera."

"Eeh."

"Na wewe ndiye unayeniambia nizime niwashe."

"Dada, ifunge tu hiyo programu," akasema kwa upole, "mimi nina mteja hapa." Akakata.

Kama angekuwa mbele yangu sijui ningemfanya nini. Niliifunga ile programu kwa kubofya kwa nguvu mpaka kipanya kikaruka. Nikarudi kwa Shavu, na kwa hasira ile nikabofya kila alama iliyokuwa chini ya picha yake: ya kamera, ya sauti, ya vidoti, na nyingine sijui za nini. Badala ya kutuona, hata kile kidirisha chetu cheusi kikatoweka. Mwanzoni angalau palikuwa na weusi. Sasa hapakuwa na kitu.

"Sasa ndiyo nimeiua kabisa," nikasema.

Na Shavu naye akaganda. Alikuwa ameushika mkate karibu na mdomo, hatafuni, hapepesi, anatazama mbele tu. Nikajua na mtandao nao umeamua kutususa. Nikauacha mkono wangu kwenye kipanya na kuegemea kiti. Machozi ya hasira yalikuwa karibu, na mimi si mtu wa kulia mbele ya mashine.

"Picha yake imeganda," nikamwambia Mama. "Yatosha. Muda wake unaisha. Acha nimwandikie."

"Umwandikie nini?"

"Nimwandikie ukweli. Aamue akiwa anajua."

Mama akanigeukia kwenye stuli. Lazima ageuze kichwa chote siku hizi ili anipate. "Ukiandika hata neno moja kuhusu macho yangu," akasema, na mikono yake ikakata hewa, "usiniite mama yako."

"Mama, ni miaka mitatu. Akirudi utakuwa huoni kitu. Mtaongeaje? Wewe na yeye mtaongea kwa kitu gani?"

"Unadhani sijui hesabu hiyo?"

"Basi mwambie."

"Nimwambie aje afanye nini? Anishike mkono nikienda chooni?" Mikono yake ilikuwa imeshika kasi sasa, mikubwa, mbele ya shuka langu jeupe. "Unajua amezunguka ofisi ngapi akitafuta kazi, wanamwangalia kama kiti? Wamepatikana watu wanaomthamini. Nimrudishe hapa akae anitazame nikipofuka? Nikimwona leo namwona hapa katikati tu. Kidole kikienda pembeni sikioni tena, nakisia. Mara nyingine naitikia tu na sijui amesema nini. Akirudi sitaiona mikono yake. Najua. Nimelia nimemaliza. Aende. Mimi nimeshamwona vya kutosha."

Mikono ikashuka mapajani, ikatulia.

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na maneno mengi, mengine mabaya. Nilitaka kumwambia kwamba ni ubinafsi kumpendelea mtu kiasi cha kumnyima haki yake, na kwamba mimi nimechoka kuwa ndiye ninayejua kila kitu na sitakiwi kusema chochote. Lakini simu ikatetemeka mezani, nikaichukua kwa uvivu nikijua nitasoma yale yale, "Bado siwaoni."

Shavu alikuwa ameandika: "Mwambie Mama arudie ile ya mwisho. Mkono wake wa kushoto ulitoka nje ya picha."

Niliusoma, nikausoma tena. Kisha nikatazama skrini. Mkate ulikuwa mezani. Shavu hakuwa ameganda. Alikuwa amekaa kimya namna anavyokaa anapotazama mtu akiongea, na mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

Ningeweza kudanganya. Niliona nafasi ya kudanganya imefunguka mbele yangu, pana kabisa, na sikuitumia.

"Anakuona," nikasema.

"Nani?"

"Shavu. Kamera inafanya kazi. Ni sisi tu ndio tulikuwa hatujioni."

"Tangu lini?"

"Sijui. Tangu nilipofunga ile programu, nadhani."

Mama akaiingiza mikono yake chini ya mtandio, haraka, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Akakaa hivyo, mikono imefichwa, akiitazama skrini. Kisha akaniambia kwa mdomo peke yake, na sikumbuki kama niliwahi kumsikia akiongea hivyo, sauti isiyo na mikono: "Umefanya makusudi."

"Mama, ningekuwa naweza kufanya makusudi, si ningeiwasha tangu mwanzo?"

"Umefanya makusudi," akarudia.

Shavu akaanza kuongea. Aliongea kwa kasi, mikono ikipanda na kushuka na kwenda pembeni, na mimi nilidaka vipande tu: tangu lini, kwa nini, mimi ni nani kwenu. Mama aliinua shingo, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, akiifukuza mikono ile ambayo kila akiikaribia ilikuwa imeshatoka. Nilimwona anavyokisia. Na Shavu naye aliona. Mikono yake ikasimama hewani.

Akavuta kiti karibu. Akaishusha mikono mbele ya kidevu chake, katikati kabisa, akaibana hapo kama mtu anayeongea ndani ya kasha. Polepole, ishara moja moja, hata mimi nikaelewa yote.

"Umeme ukikatika," akasema, "tulikuwa tunafanyaje?"

Mama aliiona. Najua aliiona kwa sababu shingo yake iliacha kutafuta. Akanyoosha mkono mmoja kutoka chini ya mtandio, nikadhani anataka kujibu. Akaupeleka juu ya skrini, akapapasa, akaukamata waya wa kamera na kuuchomoa.

"Mama."

"Aende kazini kwake. Asinione nikilia."

Lakini kuchomoa kamera hakumwondoi aliye upande wa pili. Shavu alibaki pale, skrini nzima, akijua tu kwamba tumepotea. Hakuangalia saa. Hakushika simu. Aliiweka mikono yake katikati pale pale na kuuliza tena, na akimaliza akauliza tena, polepole, swali lile lile, kwa mtu asiyemwona. Umeme ukikatika, tulikuwa tunafanyaje. Mama hakuweza kumzima wala kuangalia pembeni, maana pembeni yake hakuna kitu.

"Rudisha waya," akasema hatimaye.

Nikauchomeka. Kompyuta ikalia tu, ile sauti yake ya kutambua kitu, na palepale programu ya picha za pasipoti ikajifungua yenyewe, ikiwa na furaha zake zote, ikaishika kamera. Sikujua kwamba Zimawasha aliipanga ijifungue hata kamera ikichomekwa. Nikaifunga. Ikajifungua. Nikaifunga tena, na skrini nzima ikasimama, picha ya Shavu ikakatika nusu, kipanya hakiendi, kibodi haiitikii. Niliipiga meza kwa kiganja. Nikaipiga tena. Nilimtukana fundi, nikaitukana kamera, nikalitukana beseni la nguo, na nilikuwa nimeanza kuelekea kwa ukoo mzima wa Zimawasha pale Mama aliposhika mkono wangu.

Aliushika ule ule niliopigia meza, akaufungua. Niliona anatafuta sauti na haipati. Ndipo akaweka vidole vyake ndani ya kiganja changu na kufanya ishara.

Sikuielewa. Sikuwahi kuongeleshwa hivyo. Hayo yalikuwa mambo yao wawili. Nilihisi tu vidole vikikwaruza, vikikunja, na ngozi yake iliyo ngumu kwenye ncha. Nikamwambia, "Mama, sijui unasema nini." Akafanya tena. Nikafumba macho, sijui kwa nini, labda kwa sababu wao walifanya hivyo gizani. Akafanya tena, bila kukasirika, kama alivyomfundisha Shavu, vidole vinne vikianzia ncha ya kiganja na kujivuta kuelekea kwake. Vikianzia mbali na kuja. Mbali, na kuja.

Nikachukua simu kwa mkono uliobaki. Kuandika kwa mkono mmoja ni kazi, na nilikosea herufi mara kadhaa. Sikutia chumvi.

"Anasema njoo," nikaandika, nikatuma, na Mama hakuniachia mkono.